Jina Halimo

Kazi yangu ni klieringi. Kwa wasiojua, ni ile kazi ya kukimbizana na makaratasi ya mizigo pale bandarini Kilindini, Mombasa, kontena likishuka mimi ndo natafutwa, mteja anataka mzigo wake tangu jana, kastamu wanataka ushuru wao, wenye meli wanahesabu siku za kontena lao, na mi niko katikati na simu mbili na chai ishapoa. Nawaambia hivi ili mjue manifesto, yaani orodha ya mzigo wa meli, nazijua. Mwaka wa kumi na sita huu nasoma manifesto, katoni ngapi, kilo ngapi, alama gani ubavuni, na katoni moja ikikosekana kati ya meli na ghala barua inaandikwa siku hiyo hiyo, kuna mtu atalipa. Sijaona bado katoni ikapotea watu wakanyamaza.

Babake bibi yangu alipotea baharini wakati wa vita vya Hitla, na watu wakanyamaza.

Bibi yuko Mji wa Kale, nyumba ile ile aliyozaliwa, miguu siku hizi haimpeleki mbali lakini kichwa kiko sawa kuliko changu. Ukimuuliza babake alikuwa mtu gani anaanza na kucha. Alikuwa mtia makaa melini, wale waliokuwa wakiitwa fayamani, kazi ya chini kabisa kwenye tumbo la meli mbele ya tanuri, na Bibi anasema hata akirudi nyumbani akakaa mwezi mzima, akaoga, akasugua na limau, ukikaa naye sinia moja ule weusi wa kwenye ncha za kucha ulikuwa pale pale anapofinyanga tonge. Sura ya babake ishamtoka kitambo, mkono upo. Wakati ule yeye alikuwa ndo anang'oa meno ya mbele. Mzee alisafiri kabla ya Ramadhani, akamwahidi viatu vya Bombay vyenye kifungo ubavuni, basi. Hiyo ndo picha yote aliyonayo, kucha na viatu ambavyo havikuja.

Watu wa pwani kufanya kazi kwenye meli za Waingereza si jambo geni, toka karne ya 19 huko wakiitwa Sidi, na wengi wao walitupwa huko huko chini kwenye joto. Mshahara wa Mzungu mbali, wa Mhindi na wa mtu wa kwetu mbali, kisehemu tu cha ule wa Mzungu, na tanuri ni moja na topido, lile kombora la chini ya maji, likija haliulizi. Hata huyo Mzungu mwenyewe msidhani alikuwa anaenziwa, mpaka mwaka 1941 baharia wa Kiingereza meli yake ikizama mshahara ulikatwa siku hiyo hiyo, yaani uko kwenye maji umeshikilia ubao na kazini ushatolewa. Sheria ilibadilishwa Mei 1941. Ya wengine ilibadilishwa lini na vipi ni hadithi ndefu nyingine.

Sasa ya kwetu ilikuwa hivi. Mzee aliacha maagizo kuwa sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani kila mwezi kwenye ofisi ya wakala wa meli. Mamake Bibi alikuwa akienda mwenyewe, Bibi kamshika upindo wa buibui, wanatembea kwa miguu toka mjini, wanapanga foleni kwenye dirisha la nondo. Ndani kuna karani na daftari kubwa na rula. Anashusha rula taratibu mstari kwa mstari, Bibi anasema alikuwa akiitazama ile rula kama mtu anayetazama ngazi inashushwa, ikifika jina la babake inasimama, pesa zinahesabiwa, mamake anatia kidole gumba kwenye wino. Ikafika mwezi mmoja rula haikusimama. Ikashuka mpaka chini ya ukurasa, karani akafunua wa pili, ikashuka mpaka chini, akasema, "Mama, jina halimo."

Hakusema amekufa. Hakusema meli imezama, na hata kama alijua asingesema, habari za meli wakati wa vita zilikuwa siri. Jina halimo tu. Mwezi wa pili wakarudi, jina halimo. Mwezi wa tatu, Bibi anasema, karani hakulifungua daftari, aliwaona kutoka mbali akatikisa kichwa.

Hapo ndo nataka mnielewe vizuri, hasa nyie mtakaosema ni mambo ya zamani tuyaache. Mwanamke akifiwa anakaa eda, miezi 4 na siku 10, anajifungia, hajipambi, hajitii manukato, halafu anatoka na maisha yanaendelea, kila kitu kina mpaka wake. Lakini mume aliyepotea bila habari? Masheikh wenyewe wamekhitilafiana toka enzi, wako waliosema mke angoje miaka 4 ndo akae eda ya kufiwa, na wako waliosema, na hiyo ndo kauli yenye nguvu kwetu Mashafii, hana ruhusa mpaka ipatikane yakini kwamba mume kafa. Haya, yakini anayo nani? Yule karani. Au bosi wake karani. Au mtu fulani London mwenye faili. Mamake Bibi hakuwa mke hakuwa mjane. Aliendelea kujipaka wanja miaka, manake mjane hapaki, na kuacha kupaka ni kama amemzika kwa mkono wake mwenyewe, na majirani midomo ikawa kazini, eti anampakia nani. Alikuja kuposwa na fundi wa majahazi, mtu mzuri, kila mtu anamsifu mpaka leo. Akarudishwa. Alifariki wanja wake machoni, eda hakukaa hata siku moja.

Hiyo hadithi nimekua nayo na sikuwahi kufikiria kuwa ni kitu kinachoweza kutafutwa. Kwetu ilikuwa "meli ya Mjapani ilimpiga" na Bibi anafuta macho na watu wanageuza mazungumzo. Mpaka mwaka 2022, mteja wangu mmoja, Mhindi anayeagiza vitambaa, duka lake liko Biashara Street, alikuja ofisini kufuata makaratasi akanikuta nakula, akakaa, na katika kupiga soga akaniambia mwaka huo anakwenda Mumbai, ndo Bombay ya zamani, kwenye kumbukumbu ya meli iliyomuua ndugu ya babu yake. Meli gani? Tilawa. Sikuwahi kuisikia. Akanionyesha picha kwenye simu, meli nyeusi ya bomba moja, akaniambia, "Dada, hii ilikuwa inakuja hapa hapa kwetu."

Kijiko nikakiweka chini.

Tilawa ilikuwa meli ya kampuni ya British India, iliyojengwa Uingereza mwaka 1924, ikipiga safari za Bombay na pwani yetu. Novemba 1942 ilitoka Bombay, kituo cha kwanza ni Mombasa, halafu iendelee kusini mpaka Durban. Ndani watu 958, abiria 732 na wafanyakazi zaidi ya 220. Usiku wa kuamkia tarehe 23, katikati ya bahari, mbali huko kaskazini mashariki ya Shelisheli, nyambizi ya Kijapani I-29 ikaipiga. Watu wakagombania maboti gizani. Kumbe meli haikuzama hapo hapo, ikabaki inaelea, na waliokuwa kwenye maboti wakaiona iko wima wakaanza kurudi, kurudia maji, kurudia vitu vyao, kurudia watu wao. Topido la pili likaja wakati huo. Waliokufa 280. Walioponea wakaelea siku mbili mpaka manowari ya Kiingereza HMS Birmingham ikawaokota karibu wote 678 ikawarudisha Bombay tarehe 27.

Nikaenda na hiyo kwa Bibi jioni hiyo hiyo, sikungoja hata Ijumaa. Nikamsomea. Akanyamaza sana, halafu akauliza, "Ilikuwa mwezi gani?" Nikamwambia Novemba. Akaniangalia kama mtu mjinga, "Nakuuliza mwezi." Nikashika simu nikabadilisha tarehe, ikaja Dhulkaada 1361, yaani kwa hesabu yetu mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Akafumba macho. Akasema, "Mfungo pili mama alikuwa akenda gatini. Watu wakisema meli ya Bombay yaja, yaja, haikuja."

Mi hapo nililia, sitaficha.

Lakini mimi ni mtu wa makaratasi na machozi si hati. Mjomba wangu kwa mfano anashikilia kabisa kuwa mzee alikufa kwenye meli ya Khedive Ismail, kwa sababu ile ilitoka hapa hapa Kilindini na ndo inayojulikana. Ni kweli inajulikana, na inatisha zaidi. Ilitoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo na watu 1,511, humo ndani karibu 1,000 ni wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, na manesi, na mabaharia wenyewe. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, mchana kweupe, chini kuna watu wanaangalia burudani, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili na ndani ya dakika 2 hivi ikawa haipo. Halafu ile nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaogelea. Na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara zikaamua kuifuata na mabomu yao ya chini ya maji, pale pale walipo wale watu. Waliokufa jumla 1,297. Mimi hiyo sehemu huwa siwezi kuisoma mara mbili. Wengi wa wale wa mizinga majina yao yamechongwa kwenye ukumbusho ulioko makaburi ya vita Nairobi, nenda ukaone.

Lakini mjomba hesabu yake haikai. Februari 1944 ilikuwa mfungo tano, na pesa kwetu zilikatika mwaka mzima na zaidi kabla ya hapo. Nikamwambia, akasema wanawake wazee wanachanganya miezi. Nikamwambia mwanamke aliyekosa pesa ya mwezi hachanganyi mwezi. Tukanuniana wiki mbili.

Na si kwamba ni meli hizo mbili tu za kuchagua. Mwaka ule wa 1942, Juni na Julai peke yake, nyambizi za Kijapani ziliingia mkondo wa Msumbiji zikazamisha meli za mizigo zaidi ya 20. Kwa hiyo ikabidi kutafuta, na hapo ndo nikajua tofauti ya mwanajeshi na baharia wa meli ya biashara. Mwanajeshi akifa ana namba, ana kikosi, kuna mtu kazi yake ni kuandika barua nyumbani. Baharia ni mfanyakazi wa kampuni. Hata kwenye orodha ya wafu wa vita ya Jumuiya ya Madola baharia haingii mpaka ionekane aliuliwa na adui, akifa kwa homa au kwa kuungua na tanuri basi ni kifo cha kazini tu. Binamu yangu anaishi London nikamtuma Tower Hill, kwenye ukumbusho wa mabaharia wa meli za biashara wasiokuwa na kaburi, akanipigia video mvua inanyesha, ukuta baada ya ukuta wa majina, karibu 24,000 wa vita vya pili, yamepangwa kwa meli, jina la meli juu, nahodha wa kwanza halafu wenzake. Pazuri, sitasema uongo. Ila waliokuwa kwenye mikataba ya India hawako kwenye kuta zile, wao wako kwenye vitabu viwili vya kufanana, kimoja Mumbai kimoja Chittagong, karibu mabaharia 6,000 wa meli za biashara. Ukuta unauona ukipita njia. Kitabu mpaka mtu akufunulie.

Na mtu wa Mombasa aliyeandikwa kazi Bombay anaingia wapi? Na kama meli yake ilimwacha Bombay akapandishwa Tilawa arudishwe kwao kama abiria wa sitaha, je? Hapo si mfanyakazi wa ile meli, si mwanajeshi, ni abiria maskini mwenye godoro la kukunja. Hilo ndo wazo langu mpaka leo, na mteja wangu wa vitambaa analikubali.

Nikaandika imeli. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza iko Kew, kuna makasha na makasha ya orodha za wafanyakazi wa meli za wakati wa vita, ila yamepangwa kwa namba ya meli, si kwa jina la mtu. Yaani ili umpate mtu wako uwe tayari unajua alikokuwa, na ungekuwa unajua usingeuliza. Nikaandika huko, nikaandika kwingine, mahali pengine sitapataja walinizungusha miezi minane wakanijibu mistari mitatu. Kiingereza kizuri sana, samahani nyingi. Nikamtafsiria Bibi kwa kifupi, "Jina halimo." Akacheka! Kicheko kile cha kikohozi. Akasema, "Yule karani bado yuko?"

Sasa niwaambie kitu ambacho kilinikosesha usingizi. Ile Tilawa haikubeba watu tu. Ilibeba mikuo 2,364 ya fedha, fedha yenyewe ile ya bangili, tani 60, serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeinunua ya kutengenezea sarafu. Ikakaa chini maji ya kilomita 2 na nusu miaka 75, na mwaka 2017 kampuni moja ikashusha mitambo ikaitoa yote, ikapelekwa Uingereza, thamani yake kama dola milioni 43. Ikaanza kesi, fedha ni ya nani na nani amlipe nani, mahakama ya kwanza, ya rufani, mpaka Mahakama ya Juu, Mei 2024 wakaamua kwa Afrika Kusini. Na mabishano yenyewe mnajua yalikuwa nini? Kama ile fedha ikiwa imelala melini na baadaye kwenye mchanga ilikuwa inatumika kibiashara au la. Majaji wazima wamekaa kuuliza fedha ilikuwa inafanya nini kule chini.

Mimi siwalaumu, ni kazi yangu hiyo, mzigo lazima uwe na mwenyewe. Kila mkuo ulikuwa kwenye manifesto. Na hasira yangu wala si kwa hao waliochimba fedha, hasira yangu ni kwamba wakati ule ule, hapa hapa Mombasa, pale shule ya Allidina Visram, Waingereza walikuwa wameweka wataalamu wao wa kufumbua siri za redio za Wajapani, na mwaka huo huo 1942 walifumbua lugha ya siri ya meli za biashara za Japani. Walikuwa wakijua meli ya Mjapani imetoka wapi inakwenda wapi. Kutoka shule ile mpaka nyumbani kwetu ni mwendo wa kutembea tu. Hapo katikati mtaani kuna mwanamke anapaka wanja, na hakuna wa kuvuka barabara akamwambia.

Basi nikaacha. Mwaka mzima nimeacha, nikajiambia kazi ya Mungu haina makosa, aliyekufa maji ni shahidi, inatosha.

Halafu juzi hapa kabla ya Ramadhani nimekwenda kumsalimia Bibi, shikamoo marahaba, nimekaa namkatia kucha za miguu maana mwenyewe haziinamii tena, na tunaongea mambo ya kitambulisho, mjukuu wake mmoja kabadilishiwa jina na watu wa kitambulisho, herufi mbili tu, anahangaika. Bibi akasema bila hata kuinua kichwa, "Ndo kama baba. Naye si alikwenda kwa kitabu cha nduguye."

Nikasimamisha mkasi. "Kitabu gani, Bibi?"

"Kitabu cha ubaharia. Chake kilirowa, na kipya ukingoje, na meli yaondoka. Nduguye alikuwa mgonjwa akampa chake, enda. Kwani hukujua?"

Sikujua! Nani aliniambia? Miaka mitatu naandika imeli za watu wa Kew na jina ninalowapa si jina alilosafiria. Nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema, "Wewe uliniuliza jina la babangu, nikakupa jina la babangu." Haki yake. Na yule karani wa dirishani naye? Alijuaje jina mwanzo? Bibi akasema mama alikuwa akiulizia jina la shemeji yake, wote walikuwa wakijua, hata karani alikuwa akijua, ilikuwa ndo kawaida ya mabaharia, kitabu kinasafiri na mtu anasafiri, hawakuulizana.

Kwa hivyo sasa nina jina jingine. Siliandiki hapa. Huyo ndugu mwenyewe alikuja kupona, akauza samaki, akazaa watoto saba, akafa kitandani kwake mtaa wa Kuze mwaka 1971 na mazishi yake Bibi aliyapikia pilau. Na huenda, nasema huenda, kwenye kitabu Mumbai au kwenye kasha Kew kuna mstari unaosema mtu huyo alizama mwaka 1942. Nikifikiria hilo nacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wananiuliza. Imeli nimeshaituma, jibu halijaja.

Bibi hakungoja. Amefanya hitma tarehe 14 ya mfungo pili, amemwita mwalimu wa madrasa na vijana kumi, haluwa, kahawa, mikate ya mofa, na mteja wangu wa vitambaa akaleta kilo mbili za jalebi akakaa nje barazani na viatu mkononi. Mwalimu akatoa kalamu akauliza jina la marehemu aliandike kwenye karatasi ya dua. Bibi akamtajia. Mwalimu akaandika. Bibi akamwambia arudie kulisoma, akarudia, Bibi akamwambia, "Tena."